Fremu 30, 60 au 120: uchague konsoli ipi Uganda, na kwa gemu gani

Muuza konsoli wa Kampala atakutajia 4K, yaani picha yenye pikseli nyingi, kabla hamjamaliza kusalimiana. Maboksi ya kwanza ya PlayStation 5 (PS5) yalikuwa hata na alama ya 8K, ambayo Sony iliiondoa baadaye. Mnunuzi aulize jambo jingine kwanza: gemu ninazozipenda zinakimbia fremu ngapi kwa sekunde kwenye mashine hii, na zinadumu hapo mambo yakichacha? Ubora wa picha unauona sana siku ya kwanza. Fremu mikono yako inazihisi kila unaposhika padi, mwaka mzima. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nimezipa fremu uzito mkubwa kuliko picha, na sitaficha upande ninaoegemea.

Fremu ina muda gani

Fremu ni picha moja kati ya picha nyingi zinazopita kiooni kwa mfuatano. Gemu ya fremu 30 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 33. Ya 60 hubadilisha kila baada ya milisekunde 17 hivi, na ya 120 kila baada ya 8 na kidogo. Angalia hesabu hiyo vizuri kabla ya kutoa pesa. Kutoka 30 kwenda 60 unaokoa milisekunde 17 kwa kila picha. Kutoka 60 kwenda 120 namba inaongezeka maradufu tena, lakini unachookoa ni 8 tu. Hatua ya kwanza huhisiwa na kila mtu, hata bibi aliyekaa pembeni akitazama. Ya pili huhisiwa na mchezaji mzoefu, tena kwa gemu chache.

Wapo wanaouliza mbona sinema huonyeshwa kwa fremu 24 na hakuna anayelalamika katika vibanda vya video, ambako watu huangalia filamu nzima huku VJ akiitafsiri kwa Kiganda. Kamera ya sinema huacha ukungu wa msogeo ndani ya kila picha, na jicho hutumia ukungu huo kuziunganisha. Zaidi ya hapo, mtazamaji hana anachoendesha. Kwenye gemu kidole kinatoa amri, na amri lazima isubiri fremu ijayo ndipo ionekane. Chukua gemu inayohitaji fremu tatu tangu ubonyeze hadi mchezaji wako apige mpira. Kwa 30 umesubiri milisekunde 100, kwa 60 umesubiri 50. Sehemu ya kumi ya sekunde inamtosha beki kuingiza mguu.

Kuna jambo ambalo namba kwenye tangazo haiwezi kukuambia, nalo ni utulivu. Fremu 30 zikija kila moja kwa milisekunde zake 33, jicho huzizoea baada ya dakika chache. Fremu 30 hizohizo zikija moja kwa 17, inayofuata kwa 50, nyingine kwa 33, wastani bado ni 30 ila mchezo unakuwa wa kushtukashtuka. Ni sawa na ngoma: mpigaji wa taratibu asiyepoteza mapigo unaweza kucheza naye usiku kucha, lakini wa haraka anayeyumba atakuchosha mapema. Bloodborne ya PS4 iliyotoka 2015 ilipendwa mno, na bado ilijulikana kwa kasoro hii hasa. Ndiyo maana kati ya gemu inayoyumba baina ya 40 na 60 na ile iliyofungwa kwenye 30 tulivu, mimi mara nyingi huchukua ya 30.

Gemu kwa gemu

Nianze na mpira, kwa sababu ndio unaotawala vibanda vya gemu kuanzia Kisenyi hadi Arua na Busia. FIFA, na EA Sports FC iliyoirithi mwaka 2023, hukimbia fremu 60 uwanjani kwenye PS4 na vilevile kwenye PS5. eFootball nayo hivyohivyo. Maana yake, kama konsoli yako ni ya mpira peke yake, PS5 haitakuongezea fremu hata moja mechi ikianza. Utapata nyuso na nyasi nzuri zaidi na kusubiri kidogo kabla ya mechi kufunguka. Hivyo ni vitu vizuri, lakini pasi zako hazitakuwa nyepesi zaidi kwa sababu ya fremu. FC 26 ya mwaka 2025 bado ilitolewa kwa PS4. Mtu wa mpira mwenye pesa ya kuhesabu anunue PS4 iliyotumika, na kinachobaki anunulie padi ya pili nzima.

Gemu za ngumi haziwezi kutenganishwa na fremu, maana sheria zenyewe zimeandikwa kwa fremu. Katika Tekken ngumi ya haraka kabisa ya wahusika wengi hufika kwa fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Mpinzani akirusha teke ukalizuia, na teke hilo likamwacha nyuma yako kwa fremu 10, una haki ya kumpiga bila yeye kuweza kujikinga. Wachezaji wa dhati hukariri hesabu hizi kwa kila mhusika. Mashine ikianza kupoteza fremu, hesabu uliyokariri inavurugika. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Tekken, Street Fighter na Mortal Kombat wako tayari kupunguza uzuri wa picha ili 60 isiguswe. Hapa umri wa konsoli unaingia kwa njia nyingine: Street Fighter 6 ya 2023 ina toleo la PS4, lakini Tekken 8 ya 2024 na Mortal Kombat 1 ya 2023 hazina. Mpenda ngumi anayetaka gemu mpya hana budi kuhamia kizazi kipya.

Kwa risasi jibu ni fupi: 60 ndiyo sakafu. Call of Duty imeishikilia namba hiyo tangu enzi za Xbox 360, wakati washindani wake wengi walikuwa kwenye 30, na wepesi ule ni sehemu ya sababu ya watu kuing'ang'ania. Fortnite hutoa 60 kwenye PS4 na 120 kwenye PS5, Xbox Series X na hata Series S.

Magari ni suala la mita. Ukiendesha kwa kilomita 200 kwa saa, gari linasogea mita 1.85 kati ya picha moja na nyingine kwa fremu 30. Kwa 60 linasogea sentimita 93. Breki ya kona unaiona mapema zaidi, na usukani unausahihisha mara mbili zaidi kabla hujafika kwenye ukuta. Gran Turismo 7 inalenga 60 kwenye PS4 na PS5. Forza Horizon 5 ni 30 kwenye Xbox One, lakini Series S na Series X zinakupa uchague kati ya 30 yenye picha kali na 60. Sioni sababu ya kuchagua 30 katika mbio.

Tukija kwenye gemu za hadithi, msimamo wangu unalegea. Red Dead Redemption 2 ya 2018 ni 30 kwenye PS4, na haikupewa 60 PS5 ilipotoka. Pamoja na hilo naiweka miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kutengenezwa kwa konsoli. Farasi anakwenda kwa mwendo wake, unatazama ukungu bondeni, hakuna anayekuharakisha. Kwa mchezo wa namna hiyo 30 tulivu haikunyimi kitu cha maana. Gemu nyingine za hadithi, hata hivyo, zina mapigano ya haraka, na hizo zilinufaika sana: God of War ya 2018 ilifikishwa 60 kwenye PS5 kwa sasisho la Februari 2021, na The Last of Us Part II ikafuata Mei mwaka huohuo. Mwenye diski za PS4 hakuhitaji kuzinunua upya. GTA V, ambayo vijana wetu hawaichoki, ni 30 kwenye PS4. Toleo la PS5 la 2022 linakuwekea hali tatu, mbili kati yake zikiwa za 60. Ukishaiendesha mitaa ile kwa 60, kurudi nyuma kunauma.

Utasikia pia habari ya fremu 40. Ratchet & Clank: Rift Apart iliileta mwaka 2021 kwenye PS5, na gemu nyingine zikaiga. Kwa hesabu ya milisekunde, 40 iko katikati kabisa ya 30 na 60, kwa kuwa kila picha ni milisekunde 25. Ni maafikiano mazuri sana ya picha na wepesi, ila inataka runinga ya 120 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kwa sababu 120 inagawanyika kwa 40 na 60 haigawanyiki. Wengi wetu runinga hiyo hatuna, kwa hiyo tusonge mbele.

Konsoli kwa konsoli

Ushindani mgumu ni kati ya PS4 Pro iliyotumika na Xbox Series S. Kwa karatasi zinafanana: uwezo wa kuchora picha wa PS4 Pro ni teraflopi 4.2, na wa Series S ni 4. Mnunuzi akisoma hapo tu atasema Pro inashinda kwa nywele. Tatizo liko kwenye prosesa. PS4, PS4 Pro na Xbox One zote zilijengwa juu ya viini vya AMD Jaguar, vilivyokuwa dhaifu hata vilipotoka mwaka 2013. Kwenye PS4 vinakimbia 1.6 GHz, kwenye Pro 2.1. Kazi ya prosesa ni kuendesha watu barabarani, magari, risasi na akili za maadui, na kazi hiyo haipungui ukipunguza ukubwa wa picha. Ndiyo maana Pro ilileta picha safi zaidi lakini gemu nyingi za 30 zikabaki 30. Series S ina viini vipya zaidi vya AMD, Zen 2, vinavyokimbia 3.4 GHz na zaidi, karibu sawa na kaka yake Series X. Inapunguza picha, mara nyingi hadi 1080p (mistari 1080 ya pikseli) au chini kidogo, halafu inakupa 60 ambazo Pro isingezifikia. Kuna hata gemu za zamani ambazo Microsoft ilizipandisha fremu kwa Series S na X kuanzia 2021 bila kuziandika upya, Watch Dogs 2 ikiwa mojawapo.

Kwa fremu peke yake, basi, Series S inaipita Pro. Ila hapa Uganda fremu haziji bure. Series S haina mahali pa kuingiza diski. Kila gemu lazima uipakue, na Call of Duty moja inapita gigabaiti 100. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyopimwa hana shida. Anayenunua bando la simu la MTN au Airtel kidogokidogo ataumia, na hifadhi ya toleo lake la gigabaiti 512, ambayo takribani 364 tu ndizo za kutumia, itajaa kwa gemu chache. PS4 ina diski, na diski ni mali: unaazima kwa rafiki, unabadilishana, unaiuza ukiichoka. Kwa hiyo namshauri mtu wa bando la simu akae na PS4 ya kawaida, wala asiongeze pesa kwa ajili ya Pro. Mwenye intaneti nzuri achukue Series S bila kusita.

PS5 yenye diski inaunganisha faida zote mbili. Inapokea diski za PS4, prosesa yake ni Zen 2 hadi 3.5 GHz, na gemu nyingi hukupa hali ya 60. Kama pesa ipo, tafuta hiyo, na hakikisha ni yenye diski kweli, kwa sababu ya kidijitali inafanana nayo machoni. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilitengenezwa ili upate picha kali na 60 kwa pamoja, usilazimike kuchagua. Ni mashine nzuri kwa mwenye runinga kubwa ya 4K. Kwa runinga ya inchi 32 ni pesa iliyopotea.

Nintendo Switch ya 2017 ina tabia yake. Mario Kart 8 Deluxe ni 60 mkiwa mmoja au wawili, lakini mkigawana kioo watu watatu au wanne inashuka hadi 30, na mtaiona tofauti papo hapo. Zelda: Tears of the Kingdom ni 30 kwenye Switch, na 60 kwenye Switch 2 iliyotoka Juni 2025. Faida ambayo hakuna konsoli nyingine hapa inayo ni betri: umeme ukikatika, wewe unaendelea kucheza.

Runinga ndiyo mwamuzi wa mwisho

Watu hununua PS5 na kuifunga kwenye runinga isiyoweza kuonyesha walicholipia. Runinga nyingi za inchi 32 mitaani kwetu zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768 na kasi ya 60 Hz. Kioo hicho hakiwezi kuonyesha 4K wala fremu 120. Ukiwa nacho, chagua hali ya Performance katika kila gemu inayokupa nafasi, kwa sababu ile ya Fidelity au Quality inakunyang'anya nusu ya fremu ili ikuchoree pikseli ambazo runinga yako itazitupa. Kwenye PS5 unaweza kuamuru hivyo mara moja kwa gemu zote: ingia Settings, kisha Saved Data and Game/App Settings, halafu Game Presets, uweke Performance Mode. Gemu zinazoheshimu chaguo hilo zitafunguka moja kwa moja kwenye 60.

Usidanganywe na maandishi ya boksi la runinga. Kampuni nyingi huandika namba kubwa za msogeo, 120 au 200 na kuendelea, wakati kioo chenyewe ni cha 60 Hz. Namba hizo ni za programu inayobuni picha za kati ili mpira wa Ligi Kuu uonekane laini. Kwenye gemu programu hiyo ni sumu, kwa kuwa lazima ishike picha kwanza ndipo ibuni, na kila inachoshika kinachelewesha amri ya kidole chako. Tafuta Game Mode kwenye menyu ya picha uiwashe. Runinga isiyo na hali hiyo inaweza kula milisekunde nyingi kuliko zile zote ulizookoa kwa kuhama kutoka 30 kwenda 60, na hapo utalaumu konsoli isiyo na hatia.

Anayetaka kweli 120 akague vitu viwili. Runinga iwe na kioo halisi cha 120 Hz, na kwa 4K iwe na tundu la HDMI 2.1, maana HDMI 2.0 kwa 4K huishia fremu 60. Monita ya kompyuta ya 1080p yenye 120 Hz au zaidi mara nyingi ni njia ya bei nafuu zaidi, na PS5 na Series S zinaikubali vizuri. Ikiwa na VRR (kasi ya kioo inayobadilika) ni bora zaidi, kwani kioo husubiri fremu badala ya fremu kukimbizana na kioo, na ile mikwamo midogo ya gemu isiyotulia hupungua.

Kwa wanaocheza mtandaoni kuna hesabu nyingine isiyokwepeka. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda hadi seva na kurudi, ikiwa milisekunde 150, hizo ni fremu tisa za gemu ya 60 zilizopotea njiani. Kuhama kutoka 60 kwenda 120 kunakurudishia nusu fremu tu kati ya hizo. Tumia pesa hiyo kwa intaneti tulivu na waya wa LAN badala ya Wi-Fi inayopita kuta tatu.

Mwenye kibanda aweke pia Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwenye hesabu. PS5 ikiwa kazini hula takribani wati 200, Series S kama 80, na Switch chini ya 20. Kibanda chenye mashine nne zinazowaka tangu mchana hadi usiku kitaona tofauti hiyo kwenye tokeni kila wiki. Kwa kuwa wateja wengi wanakuja kwa mpira, PS4 Slim, isiyokula umeme mwingi na inayotoa 60 zilezile uwanjani, ndiyo ningeijaza humo, halafu PS5 moja iwekwe kwa wapenda ngumi na GTA.

Ukifika dukani, iwe karibu na Kampala Road au kwenye arkedi ya simu, omba mashine iwashwe na gemu ifunguliwe kweli, usiridhike na menyu. Zungusha kamera polepole kisha kwa haraka, uangalie kama mandhari yanateleza au yanarukaruka. Ingia mahali penye watu wengi na milipuko, kwa sababu hapo ndipo fremu hudondoka. Iache ikimbie robo saa hivi: PS4 iliyojaa vumbi itaanza kunguruma feni, na joto likizidi itatoa onyo na kujizima mbele yako. Bonyeza kila kitufe cha padi huku ukitazama kioo, usikie kama amri inachelewa, na kama inachelewa muulize kwanza kama runinga ya dukani imewekwa Game Mode. Muuzaji asiyetaka kuiwasha mpaka ulipe, muage kwa heshima uende duka la pili.